Tope la Kisasa, Faneli ya 1931

Kila baada ya robo saa hivi, kwenye mtambo wa kuchoronga mafuta au gesi, mtu mmoja huenda kwenye matangi ya tope na faneli ya plastiki mkononi. Huziba tundu la chini kwa kidole, akaijaza hadi usawa wa wavu, kisha akaachia kidole huku akibonyeza saa. Husubiri robo galoni ijae kwenye kikombe, yaani mililita 946, na kuhesabu sekunde. Maji matupu huchukua 26. Tope huchukua 45, pengine 60, pengine zaidi. Namba huandikwa, faneli huoshwa, kazi ikaendelea.

Faneli hiyo huitwa ya Marsh, kwa jina la H. N. Marsh aliyeieleza mwaka 1931. Tope linalopita ndani yake leo halifanani hata kidogo na lile la zama zake. Lina polima zinazotengenezwa na bakteria, lina viyeyushi vilivyosanisiwa viwandani, lina unga wa madini uliosagwa hadi ukawa laini kuliko poda ya usoni. Ukisoma taarifa za kampuni zinazouza kemikali hizi, utadhani taabu zote za kisima zimekwisha. Mimi naona tumekuwa mabingwa wa kulipika tope na wanafunzi wabovu wa kulisikiliza, na kwamba maendeleo yenye uzito zaidi katika fani hii hayapo kwenye magunia ya kemikali. Yapo kwenye vipimo, na yanakuja kwa mwendo wa kobe.

Neno lenyewe "tope" linadanganya. Linamfanya mtu afikirie uchafu, kitu cha kuoga kikatoka, na kumbe ndicho kinachokishika kisima kizima. Husukumwa kwa pampu kupitia ndani ya bomba, likachomoka kwa kasi kwenye matundu ya keekee, ile ncha inayokata mwamba, kisha likapanda kwa nje, katika nafasi iliyopo kati ya bomba na ukuta wa kisima, likiwa limebeba chenga za mwamba. Juu hupita kwenye chekeche zinazotikisika, chenga zikabaki, tope likarudi tangini. Katika safari hiyo hupoza keekee, hulainisha bomba, huacha utando mwembamba ukutani ili kisima kisinywe maji yake, na huzungusha mota iliyo chini. Kule Kola, Urusi, shimo lililofika mita 12,262 mwaka 1989 lilichorongwa kwa turbini iliyozungushwa na tope lenyewe, bomba refu likiwa halizunguki. Tope hubeba hata ujumbe: vihisi vilivyo karibu na keekee hutuma vipimo juu kwa kubana na kuachia mkondo wa tope, kama mapigo ya moyo, biti chache kwa sekunde.

Lakini kazi inayozizidi zote ni ya kuwa zito kwa kiasi kinachotakiwa.

Chukua kisima cha kina wima cha mita 4,000 kilichojaa tope la kilo 1.5 kwa lita. Kila mita kumi za maji hukandamiza kwa kilo moja hivi kwa sentimita ya mraba, kwa hiyo chini ya kisima hicho tope litakandamiza kwa kilo 600. Sasa tuseme mafuta na gesi vilivyomo mwambani vinasukuma kwa 590, na mwamba wenyewe hupasuka ukikandamizwa kwa 620. Una nafasi ya 30 tu ya kuchezea. Tope likipungua uzito kwa sifuri pointi sifuri tatu, yaani 1.47 badala ya 1.5, umeshapoteza 12 na gesi inaanza kuingia. Ukiwasha pampu, msuguano wa tope linalopanda huongeza ukandamizaji chini; ukiongeza kwa zaidi ya 20, mwamba unapasuka na tope linamwagikia ardhini badala ya kurudi. Na linapozidi kumwagika, kimo chake kisimani hushuka, uzito unapungua, na gesi uliyokuwa unaizuia inapata mlango. Mchorongaji anatembea juu ya ukuta mwembamba akiwa na shimo huku na shimo huku.

Katika bahari yenye kina kirefu ukuta huo huwa mwembamba zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya kile kinachoilalia miamba kwa juu ni maji, na maji ni mepesi kuliko mawe. Miamba ya huko haina mgongo wa kuvumilia.

Wachorongaji wa mwanzo hawakuyajua haya. Mwaka 1900, pale Spindletop karibu na Beaumont, Texas, ndugu wa Hamill walisumbuliwa na mchanga uliokuwa ukiporomokea kisimani. Husimuliwa kwamba waliwapitisha ng'ombe kwenye dimbwi ili wayavuruge maji yawe tope, wakalisukuma tope hilo shimoni, na kuta zikasimama. Tarehe 10 Januari 1901 kisima kikafumuka, mafuta yakaruka hewani kwa siku tisa kabla ya kuzibwa. Watu walishangilia utajiri. Anayesoma kisa hicho leo kwa jicho la mhandisi wa tope anaona jambo jingine: tope la ng'ombe lilizuia mchanga, halikuzuia mafuta, kwa kuwa hakuna aliyelipima uzito. Ilibidi ifike miaka ya 1920 ndipo madini mazito kama baraiti yakaanza kutiwa humo kwa makusudi ya kuongeza uzito. Baraiti ni nzito mara nne na kidogo kuliko maji, haina sumu, na bado ndiyo inayotawala hadi sasa.

Baada ya hapo mapishi yalikwenda mbio. Udongo wa bentonaiti ukawa msingi wa tope la maji, kwa tabia yake nzuri ya kuganda likitulia na kulegea likisukumwa, ili chenga zisizame pampu ikizimwa. Ikaja zanthani, utomvu unaozalishwa na bakteria walewale wanaoozesha kabichi. Kwa ajili ya sheli, ule mwamba wa matabaka ya udongo unaovimba ukilowa na kubomokea kisimani, zikatafutwa chumvi za potasiamu, glaikoli na amini. Jibu kali zaidi kwa sheli likawa ni kuyaondoa maji: kutumia mafuta kama kiowevu cha msingi, na kuyatia maji ya chumvi yakiwa matone madogo ndani ya mafuta. Mwamba hauoni maji, basi hauvimbi. Kisima kinanyooka, bomba halinasi, keekee inakwenda kasi.

Mwanzoni mafuta hayo yalikuwa dizeli, na chenga zilizolowa dizeli zilirundikana juu ya sakafu ya Bahari ya Kaskazini. Kilichobadilisha hali si huruma. Ni sheria. Uamuzi wa OSPAR, mkataba wa kulinda bahari ya Atlantiki ya kaskazini mashariki, ulioanza kutumika mwaka 2001 uliweka kikomo cha asilimia moja ya mafuta kwa uzito wa chenga kavu zinazotupwa baharini. Marekani ikaweka viwango vyake kwa viowevu sanisi, tofauti kulingana na aina. Tangu esta za mimea, viowevu vinavyotokana na mafuta ya mimea, zilipojaribiwa upande wa Norway mwaka 1990 hadi leo, sehemu kubwa ya ubunifu katika viowevu vya msingi imesukumwa na makarani wa mazingira kuliko wakemia wenye ndoto. Siwalaumu wakemia. Nasema tu kwamba mbunifu naye huhitaji kubanwa.

Kisha kuna mambo mawili ambayo mimi nayahesabu kuwa maendeleo ya kweli ya mapishi. La kwanza ni tope ambalo unene wake haubadiliki sana joto linapobadilika. Katika bahari kuu, tope lilelile hupita sakafuni mwa bahari penye nyuzi nne hivi za Selsiasi na kushuka hadi penye zaidi ya 150. Tope la kawaida la mafuta huwa zito kama uji uliolala pale penye baridi, na jepesi kupita kiasi penye joto. Likiwa zito, pampu ikiwashwa lazima lisukumwe kwa nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayoupasua mwamba. Kulituliza katika baridi na joto ni kazi ya kemia iliyofanywa kwa akili.

La pili ni dawa ya baraiti inayozama. Daktari mmoja Mwingereza, A. E. Boycott, aliandika mwaka 1920 kwamba damu ikiwekwa kwenye mrija ulioinama, chembe zake hushuka haraka kuliko kwenye mrija uliosimama wima. Hakuwa na habari na visima vya mafuta. Lakini kisima kilicholala mshazari ni mrija ulioinama, na chembe za baraiti hufanya vilevile: huteleza ukutani, zikajikusanya chini, zikaacha tope jepesi juu. Unadhani una kilo 1.5 kwa lita kisima kizima, kumbe pengine una 1.35 pale na 1.7 hapa. Dawa zilizopatikana ni za kifundi: kuisaga baraiti hadi mikroni chache, au kutumia oksidi ya manganizi yenye chembe za duara, au kuachana na unga kabisa na kutumia chumvi zinazoyeyuka. Maji ya fomati ya sesiamu hufika karibu kilo 2.3 kwa lita bila punje hata moja ya unga ndani yake. Hayazamishi kitu kwa kuwa hakuna cha kuzama. Ni ghali mno, kwa hiyo hukodishwa, na kila tone linalorudi huchujwa na kurudishwa kwa mwenyewe.

Ni baada ya kusifu namna hii ndipo ninapotaka kugeuka.

Tope la mafuta, hili linalopendwa kuliko yote, lina siri moja. Gesi ikiingia kisimani penye tope la maji, hubaki ni gesi: hufanya povu, husukuma tope juu, tangi hujaa, mtu huona. Ikiingia kwenye tope la mafuta, methani huyeyuka humo kama sukari kwenye chai. Ujazo hauongezeki sana, tangi halisemi kitu, na wanaoangalia skrini hawaoni pa kushtukia. Inapopanda karibu na juu, shinikizo linaposhuka, hutoka ndani ya mafuta kwa ghafla, na dakika zilizobaki huwa chache. Kikulacho ki nguoni mwako. Kadiri tope lilivyoboreshwa ili lisigombane na mwamba, ndivyo lilivyoacha kutoa kelele pale mwamba unapoanza kulipenyezea gesi.

Wala si gesi peke yake. Mafuta hayapitishi umeme, kwa hiyo vifaa vya zamani vya kupiga picha za ukuta wa kisima kwa umeme viliziba macho, na ilibidi vibuniwe vingine vya kufanya kazi ndani ya mafuta. Kila hatua ya mapishi ilidai hatua ya upimaji, na mara nyingi upimaji ulichelewa.

Macondo, kisima cha baharini kilicholipuka mwaka 2010, ndiyo funzo lililo wazi, na ajabu ni kwamba linasomwa zaidi kama habari ya saruji na vali. Kisima hicho cha Ghuba ya Meksiko kilikuwa na tope sanisi la daraja la juu. Nafasi kati ya gesi na mpasuko ilikuwa finyu kiasi kwamba waliishia futi 18,360, wakati mpango ulikuwa futi 20,200. Tarehe 20 Aprili 2010, wakijiandaa kukiacha kisima kwa muda, waliondoa tope na kuweka maji ya bahari hadi futi 8,367. Maana yake ni kwamba waliondoa uzito uliokuwa unaikalia gesi, wakiitegemea saruji ya chini ibebe mzigo. Kulikuwa na jaribio la kuthibitisha kama saruji inashika. Bomba la kuchorongea lilionyesha shinikizo la pauni 1,400 kwa inchi ya mraba, wakati laini ya pembeni, bomba jembamba linaloingia kisimani humohumo, ilionyesha sifuri. Vitu viwili vinavyoonana chini haviwezi kusoma hivyo isipokuwa kuna kizuizi mahali. Maelezo yakapatikana, wakaridhika, wakaamini ile sifuri.

Kati ya tope na maji ya bahari walikuwa wamesukuma kiowevu cha kutenganisha, zaidi ya mapipa 400, kilichotengenezwa kwa mabaki ya dawa mbili za kuziba nyufa. Kutumika kisimani kuliwaondolea usumbufu wa kuyatupa mabaki hayo kwa taratibu za taka. Hakuna aliyekuwa amewahi kutumia mchanganyiko kama huo kwa kazi hiyo. Uchunguzi uliona kuna uwezekano kwamba ulichangia kuivuruga ile laini ya pembeni. Saa 3:08 usiku pampu zilizimwa ili kukagua kama kiowevu hicho kinafaa kumwagwa baharini. Pampu zikiwa zimezimwa, shinikizo bombani lilipaswa kutulia. Lilipanda kwa pauni 250 hivi ndani ya dakika zisizofika sita. Data ipo. Ilikuwa kwenye skrini. Ukaguzi ulipokwisha, kiowevu kikaelekezwa moja kwa moja baharini kwa njia iliyokipita kando kipimo kimoja cha mtiririko. Saa 3:49 ukaja mlipuko wa kwanza. Watu 11 walikufa.

Ukiuliza kama tope la Macondo lilikuwa bovu, jibu ni hapana. Lilifanya kazi hadi lilipoondolewa. Kisima kilisema, tena kwa namba, na hakuna aliyekisikia kwa wakati. Hapo hakuna polima ambayo ingesaidia.

Ndiyo maana nikisikia kila mwaka makala mpya za chembe nano napata shida kushangilia kwa sauti kubwa. Wazo lenyewe ni zuri. Vinyweleo vya sheli ni vya kiwango cha nanomita, vidogo mno kuzibwa na punje za bentonaiti, kwa hiyo utando wa kawaida haujengeki juu yake. Chembe za silika za nanomita 20 hivi huingia na kuviziba, na majaribio ya maabara yakiwemo ya Chuo Kikuu cha Texas yameonyesha maji yanayopenya yakipungua sana. Grafini nayo imejaribiwa kwa kazi hiyo ya kuziba. Lakini maabara ni kikombe kimoja cha tope safi. Mtambo ni mamia ya mapipa yenye chumvi, simenti iliyopotea njia, chenga laini zisizochujika, na joto linalopanda kila siku. Chembe nano hupenda kushikana zenyewe kwa zenyewe zikawa punje kubwa, na hapo unano umekwisha. Labda zitafika. Kwa sasa naziona kama dawa ya ugonjwa ambao wagonjwa wetu hawafi nao.

Kinachoua ni kutokujua kinachotokea chini hadi kimefika juu. Na hapo ndipo kazi isiyo na mvuto inapofanyika. Vipo vipimo vya aina ya Koriolisi, mirija inayotikiswa kwa umeme, ambayo huhesabu uzito na mtiririko wa tope linalotoka kisimani sekunde kwa sekunde. Vipo vipima mnato, ule unene unaopimwa na faneli, vinavyokaa kwenye bomba muda wote badala ya kungoja mtu na faneli. Vipo visima vinavyochorongwa vikiwa vimefunikwa juu kwa kizibo kinachozunguka na bomba, tope likirudi kupitia vali inayobanwa na kuachiwa, ili pampu ikizimwa vali ibane na kurudisha kile kilichopungua. Kwa mpango huo uzito wa tope haubaki kuwa namba iliyopikwa asubuhi. Unarekebishwa papo hapo bila kumwaga gunia hata moja. Kisima chenye nafasi ya 30, kama kile cha mfano wetu, kinachorongeka. Na mapipa machache ya gesi yanayoingia huonekana kama mapipa machache, kwa kuwa kinachoingia na kinachotoka vinalinganishwa kila wakati.

Vina kasoro zake. Mirija ya Koriolisi husumbuliwa na gesi iliyochanganyika na tope, na husumbuliwa na chenga. Vihisi vya shinikizo karibu na keekee hutuma habari kwa mapigo ya tope, na mapigo hayapo pampu zikizimwa. Kwa hiyo dakika ambazo kisima kiko hatarini zaidi, msuguano umeondoka na bomba linaungwa, ndizo ambazo mtoa habari wako amenyamaza. Huweka kumbukumbu na kukutumia baadaye, pampu zikiwashwa tena. Bomba lenye waya ndani yake hupeleka maelfu ya biti kwa sekunde, ila nalo ni ghali na kila kiungo ni mahali pa kuharibika.

Kuna jambo jingine lisilozungumzwa sana kwenye mikutano ya kitaalamu. Kampuni ya tope kwa kawaida hulipwa kwa bidhaa iliyotumika, pamoja na siku za mhandisi wake. Hakuna mstari kwenye ankara unaosema "tuligundua mapema". Mkemia akibuni kiongeza kipya, kinauzwa kwa gunia. Mtu akibuni njia ya kupima mnato kila dakika, anauza kifaa kimoja, tena kinachoweza kuonyesha kwamba magunia yaliyomwagwa wiki iliyopita hayakuhitajika. Sioni njama hapo. Naona mfumo wa malipo uliotuelekeza kwenye sufuria.

Siku ya mtambo wa bahari kuu hugharimu mamia ya maelfu ya dola. Mtu anayebisha kwamba vihisi ni ghali aulize kwanza ni siku ngapi zilipotea kisimani kwa bomba lililonasa, kwa tope lililomwagikia ardhini, kwa baraiti iliyozama bila mtu kujua.

Pamoja na yote hayo, sitaki faneli itupwe. Haipimi kile kinachotokea kwenye nyuzi 150 na shinikizo la mamia ya kilo, na namba yake moja haiwezi kueleza tope lenye tabia mbili, ya kutulia na ya kutiririka. Lakini ina faida ambayo watengenezaji wa vihisi wanaisahau: inampeleka mtu tangini kila robo saa. Akiwa pale anaona povu, ananusa harufu ngeni, anaona chenga zilizochongoka kama vibanzi kwenye chekeche, ishara kwamba kuta zinabomoka kwa shinikizo. Mitambo mipya inayopima tope yenyewe inamtoa mtu huyo na kumweka chumbani mbele ya skrini, mahali palepale ambapo zile pauni 250 zilipanda mbele ya macho ya watu. Ningependa kumwona mbunifu mmoja anayeweka kihisi tangini halafu akaandika kwenye utaratibu wa kazi kwamba msimamizi wa tope bado lazima aende, kila robo saa, hata kama hana cha kupima.